MFUPA WA NDUGU YAKO UKO WAPI? Akriliki, titani, au mfupa wake mwenyewe

Najua nimekuwa kimya humu ndani, wengine mmeanza kuuliza kama nimevuka ziwa nikahamia Malawi. Sijahama. Nilikuwa nyumbani Mbaha kwenye kikao cha ukoo, na kikao chenyewe hakikuwa cha mahari wala cha mirathi. Kilikuwa cha kuamua kichwa cha kaka yangu kizibwe kwa kitu gani.

Nisomeni taratibu, maana leo ni ndefu kidogo. Lipia nusu saa kabisa.

Kaka huyu ni mtoto wa baba mdogo, rika la wengi wenu mnaosoma hapa. Alianguka na bodaboda usiku kwenye barabara yetu ya vumbi ya mwambao, bila kofia ngumu, yeye na abiria wake. Abiria alivunjika mkono. Yeye damu ilivilia ndani ya fuvu, ubongo ukaanza kuvimba. Madaktari wakafanya kitu sahihi kabisa. Walifungua upande mmoja wa fuvu, wakatoa damu, na kile kipande cha mfupa, kikubwa kama kiganja cha mkono, hawakukirudisha ili ubongo upate nafasi ya kuvimba bila kujibana. Ndo kilichomwokoa, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hilo hata siku moja.

Akapona. Anaongea, anatembea, anatania watu kama zamani. Ila upande wa kulia wa kichwa umebonyea kama mpira uliotoka upepo. Akikohoa unaiona ngozi inacheza. Akiinuka ghafla anashikwa na kizunguzungu, na maumivu ya kichwa yanampigia hodi kila jioni.

Miezi ikapita, akaitwa aje azibwe. Baba mdogo, mzee wa nyavu ambaye shule yake iliishia darasa la 4, akauliza swali ambalo mimi mwenye cheti cha kidato cha 4 sikuwa nimelifikiria: "Samahani dokta, ule mfupa wake mlioutoa uko wapi?"

Jibu likawa kwamba haupo, haukuhifadhiwa. Kuna simenti na kuna titani, chagueni, na bei zake ni hizi.

Hospitali siitaji jina, kwa sababu ninavyoona mimi tatizo si la jengo moja. Ila swali la mzee lilinikera vizuri. Nikaja hapa mjini, nikalipia masaa, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyaelewa. Mimi si daktari, kwa hiyo ya kwangu yachukueni kama maandalizi ya kwenda kumuuliza daktari, msiyafanye dawa.

KWA NINI KUZIBA?

Wengi tunadhani kuziba ni urembo, ili mtu asichekwe. Sura ni sehemu yake, kijana anayejificha ndani kwa aibu naye ni mgonjwa. Lakini fuvu ni boksi lenye kazi. Likibaki wazi, hewa ya nje inaikandamiza ngozi kuelekea ndani, mzunguko wa damu na wa maji ya ubongo unavurugika. Wapo wanaopata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, hasira za ghafla, hata udhaifu wa mkono au mguu, na wakizibwa baadhi yao wanapata nafuu inayoonekana. Halafu kuna jambo la wazi kabisa, kwamba ubongo usio na mfupa unalindwa na ngozi tu. Tawi la mwembe likidondoka, biashara imekwisha.

Kwa kawaida watu huzibwa baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 6, uvimbe ukishaisha na kukiwa hakuna maambukizi. Kwa hiyo familia inapata muda wa kufikiri. Tatizo ni kwamba tunautumia kutafuta hela tu, kuuliza hatuulizi.

BINADAMU WAMEJARIBU KILA KITU

Hii kazi si ya jana. Majirani zetu Wakisii wa Kenya walikuwa na waganga wao wa kupasua kichwa, omobari omotwe, ambao madaktari wa kizungu waliwaandika sana katikati ya karne ya 20. Mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alikwanguliwa mfupa taratibu, kisha ngozi ikarudishwa juu. Walijua kufungua, na wagonjwa wengi walipona. Kipande cha kuziba hawakuweka.

Ulaya mwaka 1668 daktari Mholanzi Job van Meekeren aliandika kisa cha mtu mkubwa wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Kanisa likamtenga. Jamaa akataka utolewe ili arudi kundini, ikashindikana kwa sababu ulishaungana na kichwa chake. Watu wamejaribu dhahabu, fedha, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaingia akriliki, ile ile jamii ya plastiki inayotengenezewa meno ya bandia.

Na hapa kwetu kuna kisa kinachofundisha. Mwaka 2006 daktari wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alikuwa hospitali ya Haydom kule Manyara. Msumeno wa kufungulia fuvu hakuna. Akamwona mkulima anakata mti kwa msumeno wa waya, akaununua, ukasafishwa, akautumia kuokoa mtu. Baadaye akamfundisha tabibu wa palepale, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji huo. Mwandishi Tony Bartelme aliandika kitabu kizima juu ya hayo, kilitoka 2017. Mimi fundisho ninalolichukua ni hili: kufungua kichwa kunaweza kufanyika kwa ujasiri na kifaa cha kuazima. Kukifunga kunataka mipango.

SASA VIFAA VYENYEWE

1. Mfupa wake mwenyewe. Haununuliwi, unaenea mahali pake kama mfuniko wa sufuria yake, na mwili unaujua. Kuutunza kuna njia mbili. Ya kwanza ni friza ya baridi kali, hospitali nyingi duniani zinatumia nyuzi 80 chini ya sifuri. Ya pili wengine mtashangaa: unaushona chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, kwenye mafuta, ukae humo mpaka siku ya kurudishwa. Njia hiyo inajulikana tangu karne iliyopita. Sisi tuliopitia mgao wa umeme wa 2006, wa 2011 na ule wa 2023 tunaelewa mara moja faida yake. Tumbo halikatiki umeme.

Lakini tusiudanganyie mfupa. Ukirudishwa, wakati mwingine mwili unaula taratibu mpaka unakwisha, na hilo huwapata zaidi watoto na vijana. Jaribio moja la Australia lililochapishwa 2017 liliwagawa wagonjwa 64, wengine wakarudishiwa mfupa wao, wengine wakawekewa titani. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la mfupa takriban mmoja kati ya watano mfupa ulikuwa umeliwa kiasi cha kuhesabiwa umeshindwa. Kwenye titani hakuna. Na mfupa uliosagika vipande vipande au ulioingia uchafu wa barabarani haufai kurudishwa.

2. Akriliki, ambayo mtaani tunaiita simenti ya mfupa. Ni unga na kimiminika. Vikichanganywa vinakuwa kama donge la ugali laini, daktari ana dakika chache tu za kulifinyanga likae umbo la kichwa kabla halijakauka. Likikauka linatoa joto kali, kwa hiyo linamwagiwa maji ya chumvi yaliyopoa ili lisiunguze. Ni rahisi kuliko vingine, halisumbui sana picha za kichwa, halipitishi joto la jua. Ubaya wake: haliungani na mfupa, mishipa ya damu haiingii ndani yake, likipigwa vibaya linapasuka, na vijidudu vikishaingia mara nyingi dawa peke yake haitoshi, inabidi litolewe lote.

3. Titani. Ni madini mepesi, magumu, hayapati kutu. Mara nyingi inakuja kama wavu, daktari anaukata, anaukunja, anaufunga kwa skrubu ndogo sana. Kwenye tafiti nyingi inafanya vizuri upande wa maambukizi. Ubaya: bei iko juu ya simenti, inapitisha joto na baridi kwa hiyo wengine wanaisikia juani, inaweka kivuli kidogo kwenye picha za CT, wavu mwembamba kwenye tundu kubwa unaweza kubonyea ukigongwa, na ngozi ikiwa nyembamba sana inaweza kulika mpaka wavu ukachungulia nje.

4. PEEK. Hii ni plastiki ngumu inayokaribia ugumu wa mfupa, inachongwa kiwandani kwa vipimo vya picha ya CT ya mgonjwa mwenyewe. Inakaa vizuri mno. Bei yake ndo inayoifanya iwe hadithi ya watu wengine, na inaagizwa nje kwa kusubiri.

5. Haidroksiapatiti. Ni madini yale yale yaliyomo kwenye mfupa. Inapatana na mwili, ila ni tete na ghali, inafaa zaidi matundu madogo.

Nani mshindi? Wadau, hakuna. Kila kimoja kina siku yake. Anayekwambia kimoja ni bora kwa kila mtu, ama anauza ama hajasoma.

YA KIKAO

Turudi Mbaha. Kikao kiligawanyika mara tatu. Shangazi alitaka titani, hoja yake chuma ni chuma. Mjomba alitaka simenti, hoja yake hela. Babu hakutaka chuma chochote kichwani, akasema kitaita radi.

La babu watu walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu kwetu radi inaua kweli. Nikamwambia shikamoo babu, radi inafuata kitu kirefu kilichosimama peke yake, kama mti au mtu aliye katikati ya ziwa kwenye mtumbwi, kipande cha wavu chini ya ngozi hakiiongezei njaa. Titani hata sumaku haiishiki. Babu akatikisa kichwa, akasema basi asiende ziwani mvua ikianza. Akawa amesema jambo la maana kuliko sisi sote.

Ubishi ukabaki kwa titani na simenti. Ili kulipa titani ilibidi auze nyavu na mtumbwi. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho kwenye zile kurasa za madaktari sikukiona. Wao wanapima kifaa kwa maambukizi, kwa sura, kwa bei ya dukani. Sisi wa ukanda huu tuna kipimo kingine, ambacho ni nauli.

Kutoka Songea tu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, na Mbaha si Songea. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni mkombozi, lakini mpaka uifikie kutoka huku kwetu umeshakula vumbi lako. Kitu chochote utakachoweka kichwani kitataka uangalizi: kutoa nyuzi, kuangalia kidonda, kurudi haraka ukiona usaha, uvimbe au homa. Mtu akiuza mtumbwi wake kununua kifaa bora kuliko vyote halafu akakosa nauli ya kurudi kliniki, amenunua nusu ya matibabu. Kidonda kikianza kuchimba kwenye mwezi wa pili atakitia majani, atakaa kimya, na atafika hospitali amechelewa.

Kwa hiyo hesabu niliyowapelekea wazee ilikuwa hii: nauli ni sehemu ya kifaa. Jumlisheni kifaa, nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwa safari 3, na chakula cha huko, ndipo mlinganishe. Tukampigia dokta simu, spika imewashwa katikati ya mkeka, tukamuuliza kwa tundu la ukubwa ule, pembeni ya kichwa, ngozi ikiwa nzima, simenti inafaa? Akasema inafaa, na kwamba atapenda kuifinyanga kwa kufuata picha ya CT. Shangazi akanyamaza. Nyavu hazikuuzwa. Tofauti ya bei ikawekwa kwa mama mdogo, na yeye akifunga fundo kwenye khanga hakuna anayelifungua.

Angekuwa na ngozi nyembamba au historia ya kidonda kuoza, huenda uamuzi ungekuwa mwingine. Angekuwa mama anayebeba ndoo ya maji kichwani kila asubuhi, na tundu liko utosini, hilo nalo lingepaswa kutajwa mbele ya daktari kabla ya kuchagua. Madaktari wetu wanajua fuvu. Ya maisha yako lazima uwaambie mwenyewe.

HOJA YANGU KWA WAKUBWA

Kwanza, mfupa. Najua upande wa pili una hoja: friza ni ghali, umeme hauaminiki, mfupa mchafu ni hatari, kuushona tumboni ni kidonda cha pili na mtu mwembamba unamsumbua. Zote nazikubali. Pengine hata wa kaka ulikuwa umesagika na ilikuwa sahihi kuuacha. Ninachopinga ni ukimya. Familia iambiwe siku ile ile, na iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa: mfupa umetolewa, umehifadhiwa mahali fulani, au haukuhifadhiwa kwa sababu hii. Sentensi moja haina gharama. Nchi hii bado inakumbuka 2007, wagonjwa wawili wenye jina moja pale Muhimbili, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Na Kenyatta kule Nairobi 2018 wakafungua kichwa cha mtu asiye mwenyewe. Karatasi iliyoandikwa vizuri ni sehemu ya tiba.

Pili, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vifurushi vitamke wazi wazi kifaa cha kuziba fuvu, pamoja na safari ya pili ya upasuaji. Kumwokoa mtu kisha ukamwacha na tundu ni kama kumtoa mtu ziwani ukamwacha ufukweni amelowa usiku wa baridi.

Tatu, hii ni ya kwetu vijana. Kwa zile trilioni 1.3 za mwaka 2021 serikali ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Picha ya CT ni faili. Faili linatumwa. Kwa faili hilo printa ya 3D inaweza kutengeneza kalibu ya tundu la mgonjwa, daktari akafinyanga simenti yake ya bei nafuu ikakaa karibu na ile ya kuchongwa kiwandani, na nchi mbalimbali zenye uwezo mdogo zimeshafanya hivyo. Dar vijana wameshawahi kuunda printa za 3D kwa mabaki ya kompyuta na vifaa vya ofisini. Kalibu yenyewe lazima ipite kwa madaktari na wataalamu wa usafi wa vyombo, si ya kutengenezea gheto. Lakini ujuzi upo, simenti ipo, picha zipo. Kilichobaki ni mtu wa kuviunganisha.

MASWALI YA KUBEBA

Chapisha, weka mfukoni, siku usiyoitaka ikifika uulize:

1. Mfupa uliotolewa uko wapi, na kama haupo ni kwa nini?
2. Lini atakuwa tayari kuzibwa?
3. Kwa tundu hili, umri huu na ngozi hii, mnashauri kifaa gani, na cha pili ni kipi?
4. Ikiingia maambukizi tutafanya nini, na dalili zake ni zipi?
5. Turudi mara ngapi, na zipi kati ya hizo zinaweza kufanyika Songea au hospitali ya karibu?
6. Kazi yake ni hii (itaje). Arudi lini, na aache nini?

Na la mwisho. Kaka, akiwa anasubiri siku yake, ameambiwa asitoke nje bila kitu kigumu cha kulinda lile tundu. Basi tumemnunulia kofia ngumu ya pikipiki, mpya, nyekundu. Anaivaa kwenda sokoni, kwenda kanisani, kukaa kijiweni. Ndiyo kofia ya kwanza ya aina hiyo kuwahi kuvaa maishani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na kundi la Cochrane unasema kofia inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Bei yake unaijua, ukilinganisha na hizo hela ulizosoma hapo juu utajibu mwenyewe.

Mwenye ndugu aliyezibwa, atuambie alitumia nini na anaendeleaje, usitaje jina la mgonjwa. Madaktari mnaopita humu, nikikosea nisahihisheni hapo chini bila huruma. Mimi muda wangu umekwisha, mwenye mashine anakohoa.

Naomba kuwasilisha.